Sura ya Sita: Mwanga wa Stoo

Giza la stoo mara nyingi ni la kujitakia. Nyumba inapogawanywa vyumba, dirisha kubwa huenda sebuleni, la pili huenda chumba cha kulala, na stoo hubakishiwa tundu la hewa karibu na kenchi, au isipewe kitu kabisa. Sababu zinaeleweka: mwizi hapati pa kupitia, mvua haipigi ndani, na panya anapunguziwa njia. Kisha magunia hupangwa hadi juu na lile tundu moja likazibwa. Ndivyo kilivyo chumba cha nyuma ya duka Musoma mjini, ambamo nyavu, kamba na viroba vya dagaa vimebanana. Ndivyo yalivyo maghala mengi ya vyama vya ushirika vya pamba wilayani Bunda, na ndivyo kilivyo chumba cha pembeni cha mkulima wa Butiama kilichojaa mahindi, mtama na udaga. Mtu anayetoka kwenye jua na kuingia humo haoni kitu kwa dakika kadhaa, kwa kuwa jicho huchelewa kuzoea giza, na ni katika dakika hizo mguu hukanyaga nyoka au mkono huingia kwenye kisu.

Chumba cha chini ya ardhi, cha aina iliyozoeleka katika nchi za baridi, ni nadra mkoani Mara. Mwamba wa itale uko karibu na uso wa ardhi katika sehemu nyingi, na majabali yanayochomoza Musoma mjini na Mwitongo, Butiama, yanatosha kumwambia fundi kwamba kuchimba kutamgharimu. Kando ya ziwa tatizo hugeuka kuwa maji. Mwaka 2020 Ziwa Viktoria lilipanda hadi kiwango kisichowahi kupimwa tangu miaka ya 1960, na nyumba za ufukweni zikaingiliwa. Kilicho karibu zaidi na chumba cha chini ni kile cha nyumba iliyojengwa kwenye mteremko wa kilima, ambacho ukuta wa mbele uko wazi na wa nyuma umezikwa udongoni. Chumba hicho kina shida zote za stoo, na unyevu juu yake.

Kabla ya kununua taa yoyote inafaa kujua stoo inahitaji mwanga kiasi gani, kwa sababu jibu ni dogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwanga unaofika juu ya uso wa kitu hupimwa kwa luksi. Jua la saa sita mchana lisilo na wingu hutoa karibu luksi 100,000 nje. Chumba cha kuhifadhia vitu ambamo watu hupanga, huhesabu na kusoma maandishi ya gunia kinatosheka na luksi 100. Hiyo ni sehemu moja kati ya elfu moja ya kilicho nje. Stoo basi haihitaji dirisha la sebule. Inahitaji upenyo mdogo uliowekwa mahali panapofaa, na kuta zisizoumeza mwanga ukishaingia.

Mahali panapofaa ni paani. Musoma iko karibu nyuzi moja na nusu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mwezi Machi na tena mwishoni mwa Septemba. Mwezi Juni huelekea kaskazini na Desemba kusini, lakini hata linapofika mbali zaidi halivuki sana nyuzi 25 kutoka utosini wakati wa adhuhuri. Paa hupokea mwanga mwingi mwaka mzima. Kuta za mashariki na magharibi hupigwa na jua la kulalia asubuhi na jioni, ambalo huingia ndani kabisa na kupasha moto mzigo. Ukuta wa kaskazini au wa kusini hukingwa kirahisi kwa ukingo mfupi wa bati. Kama ni lazima stoo iwe na dirisha, basi liwe kwenye ukuta mmojawapo wa hii miwili, juu ya kimo cha mtu, pana na fupi, likiwa na nondo na wavu wa matundu madogo ambayo panya hawezi kupita.

Njia inayojulikana zaidi ni kuondoa sehemu ya bati la kawaida na kuweka bati la plastiki linalopitisha mwanga. Hapa kosa la kawaida ni kuzidisha. Kipande cha robo mita ya mraba kinachopitisha nusu ya mwanga huingiza zaidi ya lumeni 12,000 jua likiwa juu (luksi moja ni lumeni moja kwa kila mita ya mraba), ilhali chumba cha mita tatu kwa tatu kinahitaji karibu lumeni 900 zifike sakafuni. Bati zima la plastiki juu ya chumba kama hicho hukigeuza tanuri. Mahindi hupata joto upande mmoja, na viroba vya plastiki vinavyokaa juani huanza kukakamaa na kupasuka vikiguswa. Kipande kifupi kinatosha, nacho kikae juu ya njia ya kupita, si juu ya magunia. Migongo yake lazima ilingane na ya bati lililopo. Matundu ya misumari hutobolewa kwanza kwa keekee, kwa kuwa plastiki inayopigiliwa moja kwa moja hupasuka, na kila msumari huwekewa kipande cha mpira chini ya kofia yake. Plastiki hukatwa kwa kisu kwa urahisi, kwa hiyo mwenye mali ya thamani hufunga wavu wa nondo chini yake, kwenye kenchi. Vumbi la kiangazi hulifanya bati hilo liwe na ukungu; kuliosha kwa maji na sabuni mara moja au mbili kwa mwaka hurudisha sehemu kubwa ya mwanga uliopotea.

Njia ya pili ni rahisi zaidi, na inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu vifaa vyake hupatikana kila mahali. Alfredo Moser, fundi wa mji wa Uberaba nchini Brazili, aliibuni mwaka 2002 katika kipindi ambacho nchi hiyo ilisumbuliwa na kukatika kwa umeme. Alichukua chupa ya plastiki ya soda, akaijaza maji safi, akaongeza vifuniko viwili vya dawa ya klorini ya kufulia ili maji yasiote ukijani, kisha akaichomeka katika tundu la paa. Mwaka 2011 Illac Diaz na taasisi yake huko Ufilipino waliieneza katika mitaa ya mabanda ya Manila, na kutoka hapo ikasambaa katika nchi nyingi.

Chupa haitengenezi mwanga, inaugawa. Tundu tupu la upana wa sentimita 10 huingiza karibu lumeni 780 jua likiwa utosini, kiasi kinachokaribia kile cha balbu ya zamani ya wati 60. Tatizo la tundu tupu ni kwamba mwanga wote huangukia doa moja sakafuni, na doa hilo hutembea kadiri jua linavyotembea. Maji huipinda mionzi inapopita na kuitawanya pande zote, hivyo kona zilizokuwa gizani nazo hupata sehemu yao. Wingu zito likitanda, mwanga wa nje hushuka hadi kwenye luksi 10,000 hivi, na chupa hushuka nao. Usiku haina kazi.

Uwekaji wake ndio unaoamua kama itadumu au itavuja masika ya kwanza. Fundi hukata kipande cha bati chenye migongo ileile ya paa, kikubwa kidogo kuliko ukurasa wa daftari kubwa. Katikati huchora duara lenye upana wa chupa, kisha ndani yake hukata duara dogo zaidi. Ukingo unaobaki hukatwa vipande vyembamba na kukunjwa kwenda juu ili viikumbatie chupa. Chupa hupigwa msasa kidogo mahali gundi itakaposhika, hupitishwa hadi theluthi yake ibaki juu ya bati, na kuzungushiwa silikoni. Ikaushwe siku nzima kabla ya kupandishwa. Kipande hicho ndicho hubandikwa juu ya tundu lililokatwa paani, kwenye mgongo wa bati na si kwenye bonde maji yanakopita, na ukingo wake wa juu uingie chini ya bati la juu pale inapowezekana. Kifuniko cha chupa ndicho huharibika mapema kwa jua; kipande cha tyubu ya baiskeli kilichovishwa juu yake huongeza maisha yake. Baada ya miaka michache plastiki ya chupa hupauka na lazima ibadilishwe.

Njia hii haifai paa la nyasi, wala haifai juu ya pamba au makaratasi, kwa sababu chombo cha maji angavu kinaweza kukusanya jua mahali pamoja kwa pembe fulani. Nyumba yenye dari nayo hudai kazi ya ziada: tundu la darini liungwe na la paani kwa sanduku la mbao nyembamba lililopakwa rangi nyeupe au kubandikwa karatasi ya fedha ndani, la sivyo mwanga wote huishia kuwaangazia popo.

Mwanga ukishaingia, kuta huamua unakwenda wapi. Ukuta mweupe wa chokaa safi hurudisha karibu asilimia 80 ya mwanga unaoupiga. Saruji tupu na tofali la kuchoma lisilopigwa lipu hurudisha robo hivi au pungufu. Ukuta wenye masizi ya jikoni haurudishi karibu kitu. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyosikika, kwa sababu mwanga hauruki mara moja tu. Hutoka ukuta huu hadi ule, na kila mara hupungua kwa kiwango kilekile. Kwa hesabu, chumba ambacho nyuso zake zote hurudisha asilimia 80 hukusanya mwanga mara tano ya ule ulioingia, na chenye nyuso za asilimia 20 hukusanya mara moja na robo tu. Chumba halisi chenye magunia hakifikii hesabu hiyo, lakini mwelekeo ni uleule. Mwenye fedha za kufanya jambo moja tu, na anunue chokaa.

Chokaa hulowekwa usiku kucha, huchujwa kwa kitambaa, na kuongezewa konzi ya chumvi ili ishike. Ukuta hukwanguliwa masizi kwanza, kwani masizi yaliyofunikwa hurudi juu kama madoa ya kahawia, kisha hunyunyiziwa maji. Chokaa ipakwe nyepesi, mara mbili au tatu. Ikiwa mbichi huonekana kama maji ya kijivu yasiyofaa kitu, na wengi hudhani wamekosea wakaizidisha ikawa nzito. Weupe huja inapokauka. Macho yalindwe, maana chokaa mbichi huunguza. Faida yake nyingine ni kwamba njia ya udongo ya mchwa, ambayo kwenye tofali jekundu hupanda miezi bila kuonekana, kwenye ukuta mweupe huonekana ikiwa na urefu wa kidole. Kinyesi cha panya na unga wa mbao iliyoliwa navyo havijifichi.

Ipo desturi ya kupaka mita ya chini ya ukuta rangi ya mafuta nyeusi, kijani au kahawia ili uchafu usionekane. Katika korido ya ofisi ina maana yake. Katika stoo ni kinyume cha kinachotakiwa, kwa sababu uchafu wa mita ya chini ndio hasa wa kutazamwa. Upande wa ndani wa bati unafaa kupakwa nyeupe pia likishaanza kutu; bati jipya linang'aa vya kutosha.

Mpangilio wa mzigo hauna gharama. Magunia yakae juu ya chaga, yaache nafasi ya mtu kupita kati yake na ukuta, na rundo refu lisisimame kati ya upenyo na mlango. Katika chumba cha mteremkoni, ambacho paa lake ni sakafu ya chumba kingine, hakuna pa kuweka chupa wala bati. Hapo dirisha la mbele hufanywa pana na kupandishwa hadi karibu na dari, kwa maana mwanga wa juu hufika mbali zaidi nyuma. Kama dirisha liko chini ya usawa wa ardhi, mbele yake huchimbwa shimo pana, kuta zake hupakwa chokaa, na chini huwekwa changarawe na mfereji wa kutolea maji. Kioo cha kujitazamia kilichoegeshwa mlangoni kinaweza kurusha jua hadi ukuta wa nyuma, ila kinadai kugeuzwa geuzwa na kinafaa kwa kazi ya muda mfupi tu.

Usiku, na kwa stoo zisizoweza kutobolewa, taa haziepukiki. Kibatari hutoa lumeni 10 hivi. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa karibu 800. Aina hii ya taa iliwezekana baada ya Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura kupata namna ya kutengeneza LED ya buluu, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Ikiwashwa saa mbili kila siku, balbu ya wati 9 hutumia karibu nusu uniti ya LUKU kwa mwezi. Ile ya zamani ya wati 60 ingekula zaidi ya uniti tatu na nusu. Penye umeme, kubishana juu ya gharama ya taa ya stoo hakuna faida tena.

Palipobaki na ubishi ni mahali pa kuitundika. Mafundi huiweka katikati ya dari, na stoo ikijaa taa hujikuta juu ya kilele cha rundo, ikiangazia gunia moja huku njia ikiwa gizani. Taa ikae juu ya njia. Mwanga hupungua haraka kwa umbali: kitu kilicho mita tatu kutoka kwenye taa hupata sehemu moja tu ya tisa ya kile kilicho mita moja. Taa mbili ndogo kwenye ncha za njia ni bora kuliko moja kubwa. Swichi iwe nje ya mlango, nyaya zipite ndani ya bomba kwa sababu ya meno ya panya, na katika nyumba za kando ya ziwa soketi zikae juu, mbali na sakafu.

Pasipofikiwa na umeme wa TANESCO, paneli ndogo ya jua ya wati 10 na betri yake huendesha taa ya wati 3 jioni nzima bila shida. Karibu na Ikweta pembe ya paneli haisumbui. Mwinamo mdogo unahitajika tu ili mvua ioshe vumbi. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Viktoria wanazijua vizuri taa hizi, kwani LED na betri zimeanza kuchukua nafasi ya karabai katika uvuvi wa usiku. Mwezi unapokuwa mpevu na dagaa hawavuliwi, taa hizo hukaa bure, na ni hazina nzuri kwa stoo, mradi betri ichajiwe kikamilifu kabla ya zamu ya giza kurudi. Kwa anayeingia stoo mara chache, taa ya kichwani inashinda zote: mikono yote miwili hubaki huru, na mwanga hufuata macho.

Zipo stoo ambazo moto wa aina yoyote hauingii. Pamba mbegu hushika moto kwa cheche moja na kuendelea kuungua ndani kwa ndani hata baada ya kumwagiwa maji, kwa hiyo ghala lake lifanyiwe kazi mchana, na taa kama ipo iwe ya LED iliyofunikwa, mbali na marobota. Petroli ya injini za mitumbwi ni hatari kwa namna nyingine: mvuke wake ni mzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni, hivyo matundu ya hewa yawe chini na swichi nje. Mafuta ya taa hayawashi moto tu. Harufu yake huingia kwenye unga na dagaa na haitoki.

Katika ukaguzi wa nafaka, mwelekeo wa mwanga una maana kuliko wingi wake. Tochi ikishikwa ubavuni, karibu sambamba na uso wa gunia, unga mwembamba wa fukusi na dumuzi hutupa vivuli na kuonekana; ikielekezwa kwa mbele, uso wote huonekana safi. Ukungu wa kijani au wa njano kwenye mahindi nao hujitokeza hivyo. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haina rangi ya kuonwa kwa jicho, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, lakini gunia lenye ukungu ni onyo la kutosha la kulitenga.

Vitu vingine huhitaji giza, na mwenye stoo asiviangazie. Viazi mviringo vikikaa kwenye mwanga hugeuka kijani na kujenga sumu iitwayo solanini. Mafuta ya kula huchacha upesi, na dawa nyingi hupoteza nguvu. Karatasi na nguo huathirika pia: Makumbusho ya Mwalimu Nyerere ya Butiama, iliyofunguliwa mwaka 1999, huhifadhi vitu vyake na zawadi alizopewa, na kwa vitu vya aina hiyo kiwango kinachopendekezwa na wataalamu wa makumbusho ni luksi 50 tu, bila jua la moja kwa moja. Nyumbani, viazi na mafuta vinaweza kukaa katika stoo moja na mahindi kama kona yao imefungiwa turubai zito jeusi lililopigiliwa juu tu, ili linyanyuliwe wakati wa kuchagua na kushushwa kazi ikiisha, huku pembeni na chini pakiachwa nafasi ya hewa kupita.